Meza ya Kardinali

Jumatatu, 2 Mei 2022

Zamu imeisha saa tisa. Alama ya barakoa bado iko puani. Treni kutoka hospitali ya Westmead, kiti cha dirishani, miguu imevimba. Nyumbani Doonside nikapika ugali na sukuma wiki. Binti yangu Neema akauliza, "Again?" Akala sahani mbili.

Ujumbe kutoka kwa wifi yangu Prisca. Dada mkubwa wa mume wangu, mwenyekiti wa jumuiya yetu na wa kila kitu kingine. Hija ya Roma imethibitishwa. Akina mama kumi na wawili, sare ya kitenge, atakayechelewa ataachwa. Mwishoni akaweka picha ya ua.

Ua! Huyu aliyeninyamazisha mama yangu akizikwa.

Niandike tena, nisije nikasahau. Agosti iliyopita. Mipaka imefungwa, ndege hakuna. Mama yuko ndani ya sanduku Nyeri, mimi niko jikoni hapa ughaibuni nimejifunika blanketi. Mazishi kwa Zoom. Aliyeshika mitambo ni Prisca. Mimi ndiye kifungua mimba, nikapewa nafasi ya kumsemea mama. Sikuandika kitu, nilitaka yatoke moyoni. Nikasema, nikasema. Kumbe sauti yangu imezimwa na mwenye mitambo. Nikabonyeza, ikakataa. Ndugu yangu akaona nachezesha mdomo, akadhani mtandao umekatika, akaendelea na ratiba. Udongo ukamwagwa.

Wiki moja kabla nilikuwa nimempinga Prisca mkutanoni. Alikuwa analipiza. Hajawahi kutamka neno juu ya siku ile. Aliniletea chapati tu. Nilizitupa.

Jumamosi, 7 Mei

Mkutano wa hija, kwa Prisca, Granville. Kichwani mwa meza ni mahali pake, hata kwenye nyumba za watu. Hata kwangu. Alisoma ratiba: makanisa, makanisa, halafu siku ya nne bustani ya jumba la kardinali mmoja wa kale, nje ya mji. Sanamu, chemchemi, ngazi za mawe.

Jioni nikatafuta video ya bustani hiyo. Kumbe kardinali alipenda mzaha. Ndani ya viti vya meza ya mawe alificha vibomba vya maji. Wageni wakishakaa vizuri, mtunzaji anafungua koki, maji yanawarukia kutoka kitini. Mpaka leo inafanya kazi. Nikaona bwana mmoja karibu na mwisho wa meza, suruali yote imelowa, watu wamevunjika mbavu.

Nimeirudia mara sita. Nikamwona Prisca pale. Wigi, sare, viatu. Kila mtu anatazama, naye hana la kufanya. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza. Nikamwambia ni mambo ya kanisa.

Jumamosi, 14 Mei

Kipimo cha korona: mstari mmoja. Asante Mungu. Sijawahi kuomba hivi nisiugue.

Padri ametubariki, akasema twende na moyo mweupe. Nimepokea komunyo. Sijatubu. Prisca amenunua wigi jipya kwa ajili ya safari. Vizuri sana.

Jumatano, 18 Mei. Nje ya Roma

Joto. Jumba lenyewe halikunishangaza: madirisha mengi, rangi ya udongo. Bustani ndiyo. Maji kila mahali. Simba wanatema maji. Wanawake wa mawe wanachuruzika vifuani. Mama Kevin wa jumuiya yetu alijiziba macho, kisha akapiga picha. Jitu la jiwe limelala chali na ukungu wa kijani magotini, nikataka kuligeuza kama mgonjwa wa wodi yangu. Kwa muda nilisahau chuki. Muda mfupi.

Kisha meza. Ndefu, ya mawe, chini ya miti. Nilikuwa nimeshamnong'oneza dada wa Kiitaliano aliyekuwa akituongoza asitoe onyo. Alifurahi. Sikuhitaji kumvuta Prisca. Alikwenda mwenyewe kichwani mwa meza, akapanga kitenge chake, akaita, "Si mkae tupige picha!" Nilikaa ubavuni, karibu naye, nimwone vizuri.

Mzee wa koki akainama nyuma ya sanamu.

Maji yakanipiga mimi. Kutoka chini, baridi, mpaka kiunoni. Yakampiga Mama Kevin. Yakatupiga wote kumi na mmoja. Mayowe. Prisca kichwani mwa meza, mkavu kama unga, anacheka mpaka machozi. Dada wa Kiitaliano akaeleza: kile kilikuwa kiti cha kardinali mwenyewe. Hakikutobolewa. Bwana wa kwenye video alikuwa mgeni tu, amekaa hapa hapa nilipokaa mimi. Nilidhani mzaha humtafuta mkubwa, kama kwetu. Kwa hawa mkubwa ndiye mwenye koki.

Hapo nikafunguka. Sikupanga. Nimesimama, natiririka maji, nikapiga kelele mbele ya jumuiya nzima: "Uliniziba mdomo mama yangu akizikwa! Na leo unacheka!"

Kicheko kikakatika. Nilingoja ajitetee. Nilitaka ajitetee, nimmalize.

"Kulikuwa na blender ya mtu inalia," akasema polepole. "Nikabonyeza mute all, nizime sauti za wote. Kufungua ikanishinda."

Nikamuuliza mbona hakusema, miezi tisa yote.

"Na nilikuwa nimewaambia wote mimi ndiye najua hizi vitu? Niliona mdomo wako ukienda, wifi. Nikaona haya."

Alhamisi, 19 Mei. Roma

Sare imekauka dirishani. Sijala.

Haikuwa kisasi. Kidole tu, na kiburi. Afadhali angekusudia. Adui ningejua la kumfanya. Miezi tisa nimeilea chuki hii, sasa niipeleke wapi? Bado namchukia. Aliona mdomo wangu ukienda akanyamaza. Hilo nalo ni kosa, tena kubwa, ila silo nililokuja nalo.

Ndani ya basi alikaa nyuma kabisa, peke yake. Sikumfuata.

Jumapili, 29 Mei. Doonside

Mvua. Nimefua, nimepiga pasi sare za kazi. Neema mezani na vitabu vyake.

Prisca alipiga simu baada ya misa. Nilidhani ataomba msamaha, nikawa nimeshaandaa la kumjibu, baya. Hakuomba. Aliuliza, "Wifi, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia niko kazini. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki na Neema anauliza iko wapi charger yake. Alisikia vyote. Hakukata simu. Nami sikukata.

Pole nimepewa nyingi tangu Agosti. Swali hilo hakuna aliyeniuliza, hata mume wangu.

Sijamsamehe. Nimefunga bomba, nikavuta kiti. Nikamwambia mama alikuwa na sauti mbaya kuliko wote parokiani, na kila Jumapili alikaa mbele kabisa, akaimba, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumnyamazisha.

Nikaendelea.