Kivimbe Kilitoboa Ngozi Yake

Mardi, magaribi

Basi, kivimbe chenye walinitoa mu shingo kilikuwa na ngozi yake, na kansa ilishaitoboa. Docteur alinipatia microscope nichungulie mwenyewe. Niliona tu rangi ya kitenge cha bibi yangu.

"Papa, chembe za kansa zimeingia mu mishipa ya damu. Zinaweza kufika mu mapafu. Inafaa tukupasue tena, tutoe tezi yote ya shingo."

"Zinavuka mupaka sawa bantu ba Kipushi, bila karatasi?"

Alicheka. Mimi niliogopa, nikasema nitafikiri.

Nyumbani nikamukuta Kasongo, mutani wangu, fundi wa nguo wa Kamalondo. Alishatoa mètre: "Muzee, nyosha miguu nikupimie sanduku ya kuzikiwa."

"Pima shingo, mujinga! Nishonee shati ya kola ndefu, ifiche kovu mbili. Kesho ninaenda kumwambia docteur apasue."

Alipima. Alisahau namba, akapima tena, akaisahau tena.