Shemeji yako na simu yake iliyofunguliwa

Shoga, nimejifungia bafuni. Shemeji yako kaniua leo!

Si unakumbuka alivyoiruti simu yake, akavunja kufuli zote za kiwandani? "Sasa mwenye simu ni mimi!" Programu ya benki ikagoma, ikasema simu si salama. Yeye akasema eti benki wana wivu. Wivu!!

Kisha akapakua kaprogramu ka kusafisha simu, sijui kametoka wapi. Kakaomba ruhusa ya kila kitu, naye akakubali kama bwana harusi.

Sasa hivi punde tulikuwa tumekaa sebuleni na mama yangu. Simu ya mama ikalia. Ujumbe wa sauti, umetoka kwa mkwewe aliyeketi mbele yake! Mama akabonyeza, sauti juu kabisa: "Kaka, huyu mama mkwe ataondoka lini? Nimemchoka!"

NIMEMCHOKA, shoga!

Alimtumia kaka yake juzi. Kale kaprogramu kameusambaza kwa kila mtu, hadi bosi wake.

Jasho likamtoka: "Mama, si mimi, ni simu!"

Mama akaweka kikombe chini taratibu. "Sawa, mkwe wangu. Basi nitakaa hapa mpaka simu ipone."