Begi la Kijani na Uongo Niliomwambia Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, nisome mpaka mwisho ndipo unicheke, maana hata mimi nikijisikia nikisimulia najicheka, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama wa watoto wawili wakubwa, fundi wa kushona maturubai ya malori, na kinachoninyima raha ni begi la mgongoni.

Nina mdogo wangu mmoja tu, muuguzi, tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango kwa mama yetu, na kwa miaka minne mimi na yeye tumekuwa watu wa hujambo, sijambo, wasalimie wa nyumbani. Mama alipougua alilala kwangu miezi saba, mimi nikimgeuza, nikimwogesha, nikimlisha uji kwa kijiko, na Kitinda kila mwezi akituma, mara blanketi, mara godoro la mgonjwa, mara boksi la dawa, vitu vizuri sana sikatai, ila yeye mwenyewe alikuja mara mbili tu na zote mbili alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni aliyeacha gari likinguruma nje. Siku tuliyotoka makaburini nilimwambia mbele ya watu, "Wewe ulileta vitu, mimi nilileta mikono." Alivaa viatu vyake mlangoni akaondoka.

Basi mwezi uliopita niko kazini, simu ikatetemeka mfukoni, kuangalia ni yeye, ametuma picha ya mgongo wa mlima, nyasi zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na ukungu umejaa bondeni hata chini hapaonekani. Chini ya picha ameandika: "Dada, njoo twende. Kundi letu la kazini tunapanda mwisho wa mwezi ujao, siku tatu, tunalala mara mbili kwenye mahema. Begi nitakununulia." Nikaisoma mara nne. Halafu vidole vyangu, bila kuniuliza mimi mwenye vidole, vikajibu: "Begi ninalo. Kupanda nimeshazoea."

Mshauri, begi sina. Na mlima pekee ninaoujua ni ngazi za kwenda ghorofa ya nne ninakoishi.

Tangu siku hiyo akili yangu haikai karakanani. Turubai likitandazwa kwenye ile meza yetu ndefu hujikunja lenyewe likafanya vilima na mabonde, na mimi nikipitisha sindano naona kama kuna mtu mdogo sana anatembea pale juu ya mkunjo, ana mzigo wake mgongoni, hana haraka, na ngurumo ya cherehani inageuka kuwa mvua ya mbali. Juzi nilishona mshono mzima nje ya mstari. Mwenye karakana akaja akasimama kando yangu.

"Mama, leo uko wapi?"

"Nipo."

"Mwili nauona," akasema, akaenda zake.

Nimetafuta begi kama mtu anayetafuta mchumba. Kwanza niliingia lile duka la vifaa vya safari lenye milango ya kioo, binti wa dukani akanivisha begi la lita sabini, jekundu kama nyanya iliyoiva, jepesi, lina mifuko ambayo hata yeye hakujua ni ya nini, nikajitazama kwenye kioo, nikafumba macho kidogo tu, na nakwambia kweli nikasikia nyasi zikinipapasa miguuni, nikakaa hivyo sijui muda gani mpaka binti akaniambia kwa upole, "Mama, tunazima taa." Bei yake ni mshahara wangu wa mwezi na nusu.

Pili, jirani yetu dereva akanipa bure begi lake la zamani, zito kama hasira, nikalijaza unga nikapanda nalo ngazi mara tatu, mikanda ikaniachia alama mabegani, na baba watoto akanikuta kwenye kona ya ghorofa ya pili nimeshika ukuta nahema. "Mwenzangu," akasema, "unahama bila kuniaga?"

La tatu ni la mitumba, la kijani, lita arobaini na tano, zipu imekufa, mkanda mmoja umeshonwa na mtu ambaye sijui alisomea wapi, maana ametumia uzi wa vifungo. Muuzaji akalijaza viatu vikuukuu akanivisha, likanikalia kiunoni kama mtoto aliyeshiba akalala. Bei yake naimudu. Ila lina doa kubwa na linanuka moshi, na kundi la Kitinda ni watu wa vifaa vipya, na yeye akiliona tu atajua begi nililosema ninalo nimeliokota jana.

Na sasa la aibu. Karakanani lilikuja jora la kitambaa kigumu chepesi cha oda ya mahema, na mimi nikakata mita moja na nusu zaidi ya kipimo, nikakikunja, nikakificha chini ya cherehani yangu, nikisema nitajishonea begi langu mwenyewe, jipya, ambalo hakuna wa kuliuliza maswali. Leo ni siku ya tisa. Sijakigusa. Kila nikikanyaga pedali naona kama nakikanyaga chenyewe.

Zimebaki wiki tatu. Nichukue begi lipi, mshauri, au nimwambie Kitinda naumwa nibaki zangu nyumbani?

Mimi, fundi wa maturubai.

*

Dada fundi,

Nimesoma mpaka mwisho na nimecheka kama ulivyotabiri, nikaacha kucheka nilipofika kwenye kitambaa. Tuanzie hapo. Kesho asubuhi, kabla hujakalia kiti chako, mpelekee mwenye karakana kitambaa chake mkononi. Usikirudishe kimyakimya kwenye rafu kama paka anayerudisha samaki. Mwambie, "Nilikata zaidi, nikaficha, nimekosa." Atafoka, na ana haki ya kufoka. Akishamaliza, muombe mabaki. Ungeanza na kuomba, hizo siku tisa ungelala usingizi.

Sasa begi. Wewe ni fundi wa vitu vizito, lakini umechagua kwa macho ya mtu anayechagua pazia. Lile jekundu ulivishwa likiwa tupu, na begi tupu ni kama mchumba, halina ubaya. Lita sabini ni za mtu anayekwenda wiki nzima. Wewe ukipewa nafasi yote hiyo utaijaza, utajikuta mlimani umebeba pasi. La jirani lirudishe na asante, kwa sababu nina hakika halina mkanda wa kiunoni, na ndiyo maana likakuachia alama. Mzigo wa safari hubebwa na nyonga. Mabega kazi yake ni kuuzuia usiyumbe.

La kijani lilikukalia vizuri likiwa na uzito ndani, na hilo ndilo swali pekee ambalo begi linatakiwa kulijibu. Lakini usilipe bado. Kusanya kwanza vitu utakavyobeba: mfuko wa kulalia, nguo za baridi, koti la mvua, chakula, maji ya kutosha. Nenda navyo sokoni, vitie ndani, tembea nalo robo saa mbele ya muuzaji, akikasirika na akasirike. Muombe baba watoto akupime kutoka ule mfupa unaochomoza chini ya shingo ukiinamisha kichwa mpaka usawa wa juu wa nyonga. Urefu huo ndio ulingane na mgongo wa begi, kimo chako hakihusiki. Kagua kitako chake, na pale mikanda inapoungana na kitambaa. Kama kitambaa chenyewe kimeoza, ondoka hata ukipewa bure. Kama tatizo ni uzi na zipu, dada, unaniuliza mimi? Hiyo ni kazi yako ya mchana mmoja. Doa halina uzito. Moshi utatoka kwa sabuni na jua.

Pesa itakayobaki nunua viatu, uvivae kuanzia siku hiyohiyo, sokoni, kazini, kwenye ngazi zako. Ndani ya begi tandika mfuko mkubwa wa nailoni kabla ya kupanga nguo, mvua ikija usianike mlimani. Mzigo wote usizidi moja ya tano ya uzito wako, na usinidanganye uzito wako.

Nimebakiza Kitinda, nikamweka mwisho kwa sababu ndiye mzito. Alipoandika atakununulia begi, wewe ulisikia blanketi na godoro vikirudi. Chukua simu usome tena. Begi liko mwisho. Kaanza na "njoo twende." Mtu uliyemwaibisha mbele ya waombolezaji amekaa na neno lako miaka minne, kisha amekuita mtembee siku tatu mahali ambapo hakuna mlango wa kutokea. Mtu mwoga hafanyi hivyo. Na wewe umemjibu kwa uongo ambao mlima utauanika saa ya kwanza. Tena si aibu tu, ni hatari, kwa sababu anayeongoza kundi hupanga mwendo kwa kujua nani ni mgeni wa njia.

Kuumwa usiumwe. Mpigie leo, kabla ya soko, kabla ya viatu. Usimwandikie, tabia ya vidole vyako tumeshaiona. Mwambie huna begi, hujawahi kupanda, na unataka kwenda. Ukimaliza hayo matatu, nyamaza umsikilize.

*

Baada ya wiki sita fundi aliniandikia tena. Namwachia nafasi iliyobaki.

Mshauri, nimerudi, magoti yananiuma lakini nimerudi.

Mwenye karakana alifoka mpaka mafundi wenzangu wakazima cherehani wasikie vizuri, akanipa zamu mbili za ziada, na siku ya tatu akanisukumia kwa mguu gunia la mabaki bila kunitazama. Kitinda nilimpigia siku ileile niliyosoma jibu lako. Nikayasema yote matatu. Nikasikia magurudumu ya kitanda yakipita wodini, halafu akasema, "Dada, nilijua. Wewe ukibadilisha balbu unataka watu wawili washike stuli." Tukacheka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Begi la kijani ndilo nililochukua. Nikabadilisha zipu, mikanda nikaifumua yote nikaishona upya kwa uzi wa maturubai, kitako nikakiongezea kipande cha pili. Tulipokutana chini ya mlima Kitinda aliligeuzageuza, akauvuta mshono kwa kidole.

"Umeshona wewe?"

"Mimi."

Siku nzima alitembea nyuma yangu.

Siku ya pili ukungu ulitukuta njiani, mshauri, sijui nikuelezeje, ni kama kutembea ndani ya pumzi ya mtu aliyelala. Sauti zinakuja kabla ya watu, mtu anatokea, anapita, anafutika. Tukakaa juu ya jiwe tupumzike, wenzetu wametangulia hatua chache. Kitinda akasema bila kunigeukia, kama anauambia ukungu, "Dada, mimi wagonjwa kama mama nawaona kila siku. Nilivyomwangalia tu mara ya kwanza, nikajua amebakiza muda gani. Na wewe ulikuwa unamlisha una matumaini. Nikaogopa nikikaa utaliona usoni kwangu."

Miezi saba nilidhani anaukimbia uvundo wa chumba cha mgonjwa.

Nikaona mkanda wake wa kiunoni umejisokota, nikapiga magoti nikaufungua, nikaunyoosha, nikaufunga tena taratibu. Nikamuuliza, "Lile neno nililokwambia siku ile nilipeleke wapi sasa?"

Akatazama huku na huku kwenye ule weupe. "Liache hapa," akasema. "Pana nafasi."

Kilele hatukukiona, mvua ilitugeuza. Lakini asubuhi ya mwisho niliamka nikakuta upande wake wa hema mtupu, nikatoka nje na viatu havijafungwa, ukungu umeshika kila kitu, hata mkono wangu mwenyewe niliuona kwa mbali. Nikamsikia anacheka na wenzake, karibu kabisa, na simwoni.

"Uko wapi?" nikaita.

"Huku! Tembea tu, njia ipo."

Nikatembea.