Spika Niliyomfungulia Mjomba

Mama Nabanda, pole na kazi, naomba unisaidie haraka katika safu yako ya ushauri, maana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wazee wa pande mbili wanakutana kwetu Ntcheu, Malawi, kuivunja ndoa yangu, na mimi niko huku Afrika Kusini nabeba zege mpaka mabega yamechubuka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naonaje.

Mtoto wetu wa pili alifariki mwaka juzi akiwa na miezi minne, nikaenda kuzika, siku ya tatu nikapanda basi kurudi kazini kwa sababu msimamizi wa kazi hajui msiba, na tangu hapo mke wangu Fainesi akawa mtu wa kunijibu ndiyo na hapana tu, mpaka mwaka huu alipokwenda hospitali ya misheni akamkuta Bi Chipeta, mama anayezungumza na wanandoa, hata walio mbali kwa simu, wakapanga tuwe tunaongea watatu kila Jumapili baada ya ibada. Nilikubali kwa shingo upande. Sharti lake ni kwamba mmoja anasema, mwingine ananyamaza, kisha anarudia alichosikia kabla ya kujibu, nikaona huu ni mchezo wa watoto wa chekechea, lakini sitadanganya, Jumapili mbili zile mchezo huo ulitusaidia, maana ndipo nilipojua kwamba Fainesi alinyamaza kwa sababu kila analoniambia kwa simu humrudia kisimani, midomoni mwa wanawake wa kijiji, kabla ya wiki kuisha, na siku hiyo tuliongea mpaka tukacheka, jambo ambalo hatukulifanya tangu msiba.

Sasa, mjomba wangu Biziweki ndiye nkhoswe wangu, yaani mzee anayeisimamia ndoa kwa upande wetu, ndiye aliyekabidhi jogoo wetu na kupokea tetea wao siku ya ndoa, na huku tunafanya kazi moja na kulala chumba kimoja, kila ninachoambiwa na mke wangu humsimulia. Jumapili ya tatu akaniambia, "Ndoa niliyoisimamia mimi inajadiliwa na mgeni, halafu mimi nikakae nje kama kuku?" Nikaona ana haki, kwetu neno la ndoa halisemwi bila nkhoswe, nikafungua spika ya simu asikie, na sikumwambia mtu.

Siku hiyo Fainesi akaongea kuliko siku zote, akasema siku ya mazishi mjomba, niliyekwenda naye kuzika, alimwamuru afute machozi akawapikie wageni nsima, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikatazama viatu vyangu. Mjomba akashindwa kujizuia, akasema, "We binti, hayo ya mtoto tuliyamaliza makaburini." Bi Chipeta akauliza niko na nani, nikajibu niko peke yangu. Fainesi akakata simu.

Kesho yake akapeleka maneno kwa nkhoswe wake kwamba amechoka, hapokei simu yangu, na Bi Chipeta ananiambia hatuendelei mpaka niseme ukweli, mimi mtu mzima mwenye ndevu, wakati mjomba anasema niache aende, wanawake hawajaisha. Nina hasira na wote. Nkhoswe si mtu wa nje, sasa kosa langu ni lipi? Mwambie mke wangu arudi kwenye simu.

Yotamu

JIBU

Yotamu, pole kwa msiba, na hiyo nakupa kwa moyo wangu wote, kwa sababu sidhani kama kuna mtu aliyekupa. Wanaume wa familia yenu walikufundisha kutazama viatu. Lakini pole inaishia hapo.

Unauliza kosa lako ni lipi. Mkeo alikaa miaka miwili akitafuta mahali pa kulisema lile jambo bila kukatizwa. Akapapata. Wewe ukamweka humo humo mtu anayemwogopa, ukamficha, na ulipoulizwa ukadanganya wakati sauti ya mjomba wako bado inasikika. Halafu unataka mimi nimwite arudi. Simwiti. Ningekuwa yeye ningekata simu kabla hujamaliza kujibu.

Nami ni mtu wa Ntcheu, usinifundishe nkhoswe. Kazi yake ni kuisimamia ndoa inapoitwa mbele ya watu, si kulala katikati yenu. Na nkhoswe anayepeleka siri za ndoa kisimani ameshajivua kazi mwenyewe. Bi Chipeta hajachukua nafasi yake. Yeye hahukumu na haamui. Anawafundisha kusikilizana, na wewe mwenyewe umeandika kwamba mlicheka. Ulipewa dawa, ikaanza kufanya kazi, ukaimwaga ili mjomba asinune.

Na jambo moja limeniudhi kuliko yote. Umeniandikia habari za zege, jogoo na ndevu zako, lakini mtoto hukumtaja jina.

Sasa fanya hivi. Leo, si Jumapili, toka chumbani, mpigie Bi Chipeta ukiwa peke yako kweli, umwambie ulidanganya. Usimsumbue Fainesi kwa simu ishirini. Mwombe Bi Chipeta amuulize kama yuko tayari kukusikia. Akiwa tayari, usijitetee. Muulize siku ile ya mazishi ilikuwaje kwake, kisha rudia alichosema, hata kama unaona ni mchezo wa chekechea.

Jumamosi wazee watapiga simu huko chumbani kwenu kumtafuta nkhoswe wako, na mjomba atanyoosha mkono aipokee. Ipokee wewe. Waambie, "Nilimdanganya mke wangu. Mjomba alimfokea mfiwa siku ya mazishi ya mwanawe na mimi nikanyamaza. Naomba msivunje leo." Mjomba atakasirika, pengine atahama chumba. Ahame.

Fainesi anaweza kukataa hata baada ya hayo, na ni haki yake. Lakini ukiyasema wewe mwenyewe, mjomba akiwa amekaa hapo anasikia, mkeo atakuwa na jambo la kufikiria. Mpaka sasa hana.