Mawe Niliyookota Nimefumba Macho

Jumanne jioni

Bado naliona lile vumbi la dhahabu likimeta kwenye karai, kama ndoto. Mume wangu Chacha alichagua mawe yanayong'aa tu kutoka duara, shimo la dhahabu tunalochimba, akayasaga, akayaosha. Akataka tuuze ng'ombe wote tuzidi kuchimba.

"Hayo umeyachagua," nikamwambia. "Acha bahati ichague."

Nikachanganya rundo lote la mawe tuliyochimba, nikafumba macho, nikaokota huku na huko. Tukasaga, tukaosha. Ukabaki mchanga mweusi mtupu.

Chacha akaumwaga chini. "Basi ng'ombe wabaki."

Huenda mkono wangu uliupita utajiri kwa bahati mbaya tu. Nawaza hilo. Lakini huko nje ng'ombe wanacheua, na mwili wangu umetua mzigo, unaelea kama uko majini.