Mchumba wa Raya na meli ya mbao

Newtown, Jumamosi, Novemba 2018

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, ile isiyonyesha kweli wala isiyokatika. Nimekaa jikoni, chai imepoa, na roho yangu haijatulia hata kidogo.

Wiki nzima nimekuwa mpelelezi. Kaka yangu Seif ameletewa posa ya bintiye Raya, na kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Lazima kwanza mtu akamuulizie kijana: anasali wapi, anakaa na nani, ana tabia gani akiwa haangaliwi. Kazi hiyo ni ya shangazi. Shangazi ndiye mimi, na mimi si mtu wa kuvishwa kilemba cha ukoka.

Kijana anaitwa Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi. Kaka alikunja uso kidogo kwa Usomali wake. Mimi niliikunjia uso kazi yake. Eti anatengeneza meli ya vita. Ya mbao! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Birmingham hii haina bahari, na meli za vita za mbao zimekwisha kazi yake kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Raya akanieleza kwamba ni meli ya zamani, inahifadhiwa huko kusini, ndiyo maana mwisho wa wiki Abdi mara nyingi hayupo.

Hapo machale yakanicheza.

Halafu Fatuma, shoga yangu, akamwona Abdi dukani, mtaa wa Bordesley Green, akichagua viatu vya mtoto wa kike, vile vinavyowaka taa kisiginoni. Mwanamume hajaoa, viatu vya mtoto vya nini? Nikapiga hesabu zangu: meli hakuna, kuna mke.

Na Seif alishasema mbele yetu sote, kabla hata posa haijaja, kwamba binti yake hamwozeshi mwanamume mwenye mtoto nyuma.

Basi leo nimepika pilau, nikaifunika vizuri, nikaenda zangu mtaa wa Hockley kwenye hiyo karakana anayosema anafanyia kazi. Sikumwarifu. Mtu aliyebeba chakula hafukuzwi mlangoni, na wenyeji wakishaanza kula unaangaza macho utakavyo.

Nilitarajia kukuta mlango umefungwa. Nikamkuta kijana mwenyewe na miwani ya kazi usoni, anakereza bolti za shaba ndefu kama mkono wangu. Ukutani kuna picha ya limeli lenye matundu ya mizinga ubavu mzima.

"Aunty! Karibu sana. Si ungenipigia nikupick?"

Nikamwambia nilikuwa napita tu. Na sufuria la pilau, napita tu!

Nikampakulia, nikamhoji huku anakula, akanijibu vizuri mno, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi. Meli ina zaidi ya miaka mia mbili. Mbao zake ni za mwaloni, na chini ilivikwa shaba ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Ilipigwa mizinga na haikuzama. Sasa imepandishwa nchi kavu na inauawa na mvua, maana maji ya mvua yanapenya kwenye sitaha na kuozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Nikamuuliza kwani hawakalafati, hawazibi nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Akafurahi kwamba najua neno hilo, akasema wanakalafati kila mwaka na bado inavuja.

Akaniletea kipande cha ubao uliotolewa melini. Nje kimepakwa rangi safi. Ndani kimebunguliwa, kidole changu kikazama chote.

"Kuna mtu alipaka rangi juu ya hii kitu ikiwa imeoza, Aunty. Kitambo sana. Alitaka tu ikae fiti wageni wakikuja. Ingekuwa ubao moja tu wa kubadilisha. Saa hii ni ubavu mzima."

Nikataka kumnasa: mkishabadilisha mbao zote, si itakuwa meli mpya mnayowadanganya watu nayo? Akasema kila kipande kinachofaa kubaki kinabaki, na kila kipya wanakitia alama, ili atakayekuja kuitengeneza baadaye ajue kipi cha zamani na kipi chao.

Sikutaka kumpenda. Nikatoa silaha yangu ya mwisho, nikamuuliza habari za viatu.

Hakushtuka hata kidogo. "Ni za Hibo, msichana wangu. Anaishi na mamake huko huko kusini, tuliachana akiwa mdogo. Nikipeleka bolti, napitia kumwona." Kisha akaacha kula, akanitazama. "Lakini si Raya alisema ashawaambia? Mimi nilimwambia siku ya kwanza."

Nikaaga haraka. Nilitoka bila sufuria langu.

Raya! Anayekula kwangu kila Ijumaa, anayenieleza hata asiyomwambia mamake. Wiki nzima namnusanusa mtoto wa watu, na changa la macho napigwa na mtoto wangu mwenyewe. Nimekasirika, lakini zaidi nimeumia.

Namwelewa pia. Alimsikia baba yake akikataa, akaogopa, akadhani wakishafunga ndoa jambo litajipitia lenyewe. Halitapita. Abdi ataamini sisi tunajua, na siku Seif atakapomwona huyo mtoto atamwita Abdi mwongo, naye hakumficha mtu.

Seif anakuja leo baada ya Magharibi kuchukua jibu langu. Nikimwambia kijana ni mkweli, nitakuwa nimesema kweli na bado nimemdanganya kaka yangu.

Nimemwandikia Raya: njoo kabla ya baba yako. Utamwambia kwa mdomo wako, nami nitakaa ubavuni mwako, na akipandisha sauti atanipandishia mimi kwanza. Akajibu kwa Kiingereza chake: "Aunty please, not today."

Nikamjibu ni leo. Ameisoma.

Akilisema yeye, baba yake atafoka, atasusa, na baadaye huenda akamsikiliza. Nikilisema mimi, itakuwa binti amefumaniwa, na posa itafia hapa hapa jikoni kwangu.

Adhana ya Magharibi ya kwenye simu imeshalia. Sasa kengele ya mlango inalia.

Ewe Mola, awe ni Raya.