Kioo cha Mama, Juu ya Songo

Yaya wangu, dada yangu mkubwa uliye ng'ambo ya maji,

Nakuandikia barua ambayo hakuna wa kuibeba. Mpaka umefungwa, rezo ya simu imekatwa, na mtu akikutwa ufukweni na kadi ya simu ya Burundi anaulizwa alikuwa anaongea na nani. Mimi unanijua: hata nikiulizwa jina langu natetemeka.

Redio peke yake haikufungwa. Jioni nilikuwa nazungusha kitufe polepole kutafuta stesheni za kwenu, na kati ya moja na nyingine ulikuwepo ule mvumo, shuuu, ambao Mama hauvumilii. Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi ulipokuwa unasoma fizikia: kwamba sehemu ndogo ya mvumo ule ni mwanga wa kale kuliko nyota zote, uliotoka wakati ulimwengu ungali moto, ukanyooshwa na safari hadi macho yasiweze tena kuuona. Ndio uliowaonyesha wataalamu kwamba hata ulimwengu ulikuwa na utoto wake. Mama alikuwa anapepea makaa ya mbabula, jiko letu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu wakati ule wote iko njiani?" aliuliza. "Na haijafika kwao?"

Kisha, Jumatano, katika kipindi cha salamu, mtangazaji akasoma jina lako. Ulimsalimu Mama, ukasema hujui kama yu hai. Usipopata jibu kufikia Jumapili, utapanda mtumbwi uje mwenyewe. Na mwisho: mdogo wangu akumbuke kioo, kila asubuhi niko pale ufukweni tulipokula siku ya ubatizo wa mtoto wangu. Mtangazaji alicheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Mimi niliikumbatia redio kana kwamba ningeweza kukujibu kupitia humo. Redio yetu ina masikio tu, haina mdomo. Na mtumbwi siku hizi haufiki, Yaya. Tumeona mitumbwi inayorudishwa na maji ikiwa mitupu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitumwa kufua mtoni Mulongwe, nami nabaki huku juu ya kilima cha Songo na kile kioo chenye ufa pembeni? Kumulika mara moja: njoo, chakula kimeiva. Mara mbili: baki huko, Baba amekasirika. Ulinifundisha kunyoosha mkono, kuweka kidole juu yako, na kulaza mwanga wa jua juu ya kidole hicho.

"Redio inapigia kelele kila muntu," ulisema. "Kioo kinanong'oneza mumoja."

Ukaniambia vyote ni ukoo mmoja: mawimbi ya redio, joto la mbabula, mwanga wa jua, hata ile miali inayopenya nyama na kuacha picha ya mfupa, ambayo leo ndiyo inayonilisha, maana naandikisha wagonjwa kliniki, mlangoni pa chumba cha mashine yake. Wengine wimbi lao ni refu, wengine fupi, lakini mwendo wao ni mmoja, na wote ni watoto wa umeme na sumaku. Niliona fahari kuwa na dada anayejua ukoo wa jua.

Sasa wenye silaha wamelala katika shule iliyo chini yetu. Mtu anayemulika kuelekea ziwani wangemwita nani? Alhamisi nilitoka na kioo ndani ya shati, nikarudi nacho. Ijumaa vilevile. Nilijua kwamba mwali wa kioo ni mwembamba, kwamba ungepita juu ya paa la shule, na aliye nje ya njia yake haoni kitu. Lakini kujua hakukutoa kioo ndani ya shati. Kliniki pia najua ukuta unazuia miali, na bado mashine ikilia nabana pumzi.

Jumamosi Mama alinikuta nimesimama mlangoni.

"Weye uko na uwoga wa kioo," alisema. "Minye niko na uwoga wa mutumbwi."

Akabeba beseni la nguo, akatangulia uani, akaanza kuanika mashuka kunizunguka, moja baada ya jingine, akiacha upenyo upande wa ziwa tu. Mvua ilikuwa imeosha hewa. Mji wenu ulionekana kama unga uliomwagika chini ya milima. Nikanyoosha kidole, nikamulika mara mbili, nikapumzika, nikarudia, mpaka jasho likaniingia machoni. Kisha Mama akaninyang'anya kioo, akakitikisa ovyo, vile alivyokuwa akikuita zamani kwa hasira. Chini shuleni mtu alikuwa anapiga mluzi. Mluzi wake haukukatika.

Jioni ile, saa ya salamu, mtangazaji alisoma maneno machache: "Mama, nimekujua kwa mkono wako. Ninabaki."

Mama alizungusha kitufe mwenyewe hadi kwenye ule mvumo, akauacha. Nilipotaka kuzima ili betri isiishe, alinishika mkono.

"Acha ilie," alisema. "Nayo iko mbali na kwao."

Tunakaa hivyo kila jioni, Yaya, mlango umefungwa, tukisikiliza kitu ambacho hakuna aliyeweza kukifungia njia. Nami nataka ujue jambo moja ambalo kioo hakikukuambia. Kidole changu kilipokuwa juu yako, mkono ulikuwa mzito, wala si kwa sababu ya wale wa chini. Mkono ulitaka kumulika mara moja tu.

Baki huko, Yaya. Baki.

Ni mimi mdogo wako, ninayemulika mara mbili